Kula Nje na Watoto Wadogo: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuagiza

Wikendi na siku za likizo za shule, familia nyingi za Mombasa hula nje. Wapo wanaokwenda Mji wa Kale kutafuta biriani na mishkaki. Wapo wanaokaa Mama Ngina kupunga upepo wa bahari huku wakila mihogo na kunywa madafu. Wengine huingia hoteli ndogo iliyo karibu na stendi ya matatu wakapata wali na maharagwe kabla ya kuvuka feri. Mara nyingi kwenye meza hizo hukaa mlaji ambaye hakuchagua mahali pa kula, na ambaye hawezi kusema kwamba chakula kina kasoro. Huyo ni mtoto wa chini ya miaka mitano.

Mtoto huyo ndiye anayeweza kudhurika zaidi kuliko wote walioketi naye. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015, watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kichafu na 420,000 hufariki. Kati ya wanaofariki, 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wa umri huo ni chini ya mmoja katika kila watu kumi duniani, lakini vifo vyao ni karibu thuluthi moja ya vifo vyote vinavyosababishwa na chakula.

Takwimu hizi si sababu ya kumfungia mtoto nyumbani. Mtoto anayepelekwa kula nje hujifunza kuketi na wenzake, kungoja zamu yake, kuonja chakula kigeni na kumshukuru aliyemhudumia. Kinachotakiwa ni mzazi kuchagua kwa makini. Mkahawa wenye taa nzuri na viti vya kupendeza si lazima uwe salama, na kibanda cha mabati si lazima kiwe kichafu. Mambo ya kuangalia ni matatu: mikono, maji na moto.

Kwa nini tumbo la mtoto ni tofauti

Kinga ya mwili wa mtoto mdogo bado inajengeka. Kiasi cha vijidudu ambacho mtu mzima hukimaliza bila kujua kinaweza kumharisha mtoto usiku kucha. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo maji anayoyapoteza kwa kuharisha na kutapika ni sehemu kubwa ya maji yote aliyonayo. Mtu mzima anaweza kuvumilia siku moja au mbili akanywa maji na kupona. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kulegea ndani ya saa chache.

Ndiyo maana maneno kama “sisi tumekula hapa miaka yote na hatujaugua” hayatoshi. Chakula kilekile, sahani ileile, kinaweza kumwacha baba salama na kumpeleka mtoto hospitalini.

Kaunti inahusika vipi

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti jukumu la kutoa leseni kwa biashara zinazouza chakula kwa umma na kuzisimamia. Kazi hiyo hufanywa na maafisa wa afya ya umma. Hukagua jiko, choo, mahali pa kunawia mikono, mahali pa kuhifadhi chakula na jinsi taka zinavyotupwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ndizo zinazowapa nguvu ya kufanya hivyo.

Mpishi, mhudumu na kila mfanyakazi anayeshika chakula hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita na kupewa cheti. Kipimo hicho si urasimu mtupu. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo mwilini mwake bila kujisikia mgonjwa, akawaambukiza wateja kwa mikono yake.

Mkaazi ana haki ya kuuliza kama mkahawa una leseni na kama wafanyakazi wana vyeti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji, na ulinzi wa afya yake. Anayeuliza kwa upole hajamtukana mtu. Mwenye mkahawa aliyefuata sheria huonyesha cheti chake bila kusitasita, na wengi hukitundika ukutani karibu na pesa zinapolipiwa.

Mikono

Kabla ya kuketi, mzazi atafute mahali pa kunawia. Je, mfereji unatoa maji? Je, kuna sabuni? Mahali ambapo mteja hana sabuni, si rahisi kuamini kwamba mpishi anayo.

Chakula cha Pwani huliwa kwa mkono, na mtoto mdogo hulishwa kwa mkono wa mama au dada yake. Mikono ya watu wawili huingia katika chakula kimoja, kwa hiyo wote wawili wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Maji ya kumiminiwa kutoka kwenye jagi au birika yanatosha. Bakuli moja la maji linalozungushwa mezani kila mtu achovye vidole halisafishi mtu. Linahamisha uchafu wa wa kwanza kwa wa mwisho, na mara nyingi wa mwisho ndiye mtoto.

Mtoto anayetambaa au aliyeanza kutembea hugusa sakafu, miguu ya meza na viti, kisha hutia vidole kinywani. Anawishwe tena chakula kinapofika, hata kama alinawa alipoingia. Baada ya kubadilishwa nepi, mzazi anawe kwa sabuni kabla ya kurudi mezani, na nepi isibadilishwe juu ya meza au kiti cha kulia.

Jambo jingine ni kumtazama anayehudumia. Mtu anayepokea pesa kwa mkono uleule anaotumia kuchukua viazi karai au sambusa anachanganya kazi mbili zisizofaa kuchanganywa. Koleo au kijiko cha kupakulia hutatua jambo hilo kwa gharama ndogo.

Maji

Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Mifereji inapokauka, mikahawa hununua maji ya maboza, ya visima au ya mitungi inayosukumwa kwa mikokoteni. Maji hayo yanaweza kuonekana maangavu na bado yakawa na vijidudu. Hivyo, swali la kuuliza kuhusu jagi lililoko mezani ni kama maji yake yamechemshwa au yametiwa dawa.

Kwa mtoto mdogo, njia rahisi ni kubeba maji ya kunywa kutoka nyumbani katika chupa safi. Anayenunua maji ya chupa aangalie kwamba kifuniko hakijafunguliwa na kwamba kuna alama ya Shirika la Viwango la Kenya.

Barafu nayo ni maji. Baridi haiui vijidudu. Huvilaza tu, na vikifika tumboni huamka. Juisi ya ukwaju au ya embe iliyozimuliwa kwa maji ya mfereji na kutiwa vipande vya barafu hubeba hatari zote mbili. Tunda lililooshwa na kumenywa mbele ya mzazi, au dafu lililokatwa papo hapo kwa kisu safi, ni afadhali kuliko juisi iliyokaa kwenye ndoo tangu asubuhi.

Kachumbari inahitaji uangalifu huohuo. Nyanya na vitunguu vyake havipiti motoni, kwa hiyo usafi wake ni usafi wa maji yaliyoviosha na kisu kilichovikata. Pale ambapo mzazi hana hakika, mtoto hatapungukiwa na kitu akila wali wake bila kachumbari.

Moto

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi katikati yake pafike nyuzijoto 70, kiwekwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 kikingojea kuliwa, na kile cha kuhifadhiwa kwenye friji kiwe chini ya nyuzi 5. Kati ya 5 na 60 vijidudu huzaana upesi. Joto la kawaida la mchana hapa Mombasa, nyuzi 30 hivi, limo katikati kabisa ya eneo hilo. Chakula kilichopikwa kikikaa nje kwa zaidi ya saa mbili hakifai tena kupewa mtoto.

Wachache hubeba kipimajoto kwenda kula. Macho yanatosha. Chakula kinachofika mezani kikifuka mvuke ni bora kuliko kilichokuwa vuguvugu ndani ya kabati la vioo. Kuku asiwe na wekundu karibu na mfupa. Mishkaki iwe imeiva hadi ndani, na nyama iliyopikwa isirudishwe kwenye sahani iliyobeba nyama mbichi. Mayai ya mtoto yawe yamegandamana, si ya majimaji.

Wali, pilau na biriani vina hatari yao ambayo watu wengi hawaijui. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi wali unapopikwa. Wali ukiachwa sufuriani kwenye joto la kawaida, mbegu hizo huota na kutoa sumu inayotapisha, na kupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Wali wa jana uliopashwa leo unaweza kunukia vizuri na bado ukamtapisha mtoto. Swali la kumuuliza mhudumu ni fupi: “Wali huu umepikwa saa ngapi?”

Hali ni hiyohiyo kwa mabaki. Familia inayobeba chakula kilichobaki ikifikishe nyumbani mapema, ikiweke kwenye friji na kukipasha hadi kichemke kabla ya kula. Safari ya kuvuka feri siku ya msongamano, ikifuatwa na matatu, inaweza kumaliza saa mbili kabla ya kufika mlangoni. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, ni vyema kubeba bakuli lenye kifuniko kutoka nyumbani.

Kumwagizia mtoto

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji, juisi, wala mchuzi wa kuonjeshwa kwa ncha ya kidole. Kuanzia miezi sita, huongezewa vyakula laini huku akiendelea kunyonya.

Hakuna haja ya kutafuta orodha maalumu ya vyakula vya watoto. Mara nyingi orodha hizo ni chipsi, soseji na soda, ilhali vyakula vya kawaida vya hapa vinamfaa mtoto zaidi. Mbaazi za nazi zilizoiva hadi zikawa laini, wali na maharagwe ya kupondwa, ndizi za kupika, viazi vitamu, mchicha wa nazi, au kuku wa mchuzi aliyechambuliwa vipande vidogo vyote vinafaa. Jambo la kumwambia mhudumu ni kwamba sehemu ya mtoto ipakuliwe kabla ya pilipili na chumvi ya ziada. Hilo lisemwe wakati wa kuagiza. Likisemwa chakula kikiwa mezani, linakuwa limechelewa.

Samaki ni chakula bora, ila miba yake ni hatari. Vipande vya samaki mkubwa kama nguru vina miba mikubwa inayoonekana na kutolewa kwa urahisi kuliko ya samaki wadogo. Hata hivyo, mzazi autafute kila mwiba kwa vidole vyake mwenyewe na asitegemee macho peke yake.

Vinywaji huleta mvutano mezani kuliko chakula. Chupa ya soda ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari ya takriban vijiko vinane vidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa kati ya miezi 6 na 23 asipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari. Chai pia haimfai pamoja na chakula, kwa sababu inapunguza madini ya chuma ambayo mwili wake hupata kutoka kwa maharagwe na mboga. Maji safi yanatosha. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata tone ndani ya uji.

Mtoto aliye na mzio wa karanga, mayai, maziwa au samaki ahadhariwe mapema. Mzazi amtaje mhudumu kitu chenyewe na aulize kama mafuta yaliyotumika kukaangia samaki ndiyo hayohayo ya viazi. Jibu la “sijui” lichukuliwe kuwa ndiyo.

Saa inayofaa

Vurugu nyingi za mezani hutokana na saa. Mtoto aliyezoea kula saa kumi na mbili jioni na kulala saa mbili hawezi kungoja biriani hadi saa tatu usiku kwa utulivu. Atalia, atatupa kijiko, na watu wa meza za jirani wataanza kugeuka. Hana ukaidi wowote. Ana njaa na usingizi.

Familia ikifika mapema, kabla ya umati, hupata meza, jiko halijalemewa, na chakula ndiyo kwanza kinatoka motoni. Hivyo saa inayomfaa mtoto mara nyingi ndiyo saa ya chakula kilicho salama zaidi. Mwezi wa Ramadhani, ambapo mikahawa hujaa mara tu baada ya magharibi, mtoto asiyefunga anaweza kulishwa nyumbani kwanza, kisha akaungana na wengine mezani kwa tende au kaimati moja.

Chakula cha mtoto kiagizwe kwanza. Wakati wa kungoja, karatasi na kalamu, kuhesabu vijiko au kumtajia majina ya vyakula vilivyo mezani humshughulisha. Akichoka kabisa, mtu mzima mmoja atoke naye nje kidogo. Kumkemea mbele ya watu humwongezea hofu na kelele.

Hatari zilizo juu ya meza

Vikombe vya chai, bakuli za supu na sahani za mchuzi moto viwekwe mbali na ukingo wa meza na mbali na kitambaa ambacho mtoto anaweza kukivuta. Mtu asinywe chai huku amempakata mtoto. Nje ya mikahawa mingi ya Mombasa, karai la mafuta hukaa mlangoni au kando ya njia. Mtoto ashikwe mkono hapo, na familia ichague meza iliyo mbali na jiko na njia ya wahudumu.

Mtoto akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, mafuta na yai havitibu jeraha la moto, bali huongeza uwezekano wa kupata maambukizi. Baada ya maji, afikishwe kituo cha afya.

Kukwama chakula kooni ni hatari inayokuja kimya. Karanga nzima, peremende ngumu, mabuyu, zabibu nzima na vipande vikubwa vya nyama au soseji visipewe watoto wadogo. Zabibu na soseji zikatwe kwa urefu, si kwa mviringo. Mtoto ale akiwa ameketi. Asile akikimbia wala akilala chali.

Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kupumua anahitaji msaada papo hapo. Aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mara tano mgongoni kati ya mabega. Kisha ageuzwe na kukandamizwa mara tano kwa vidole viwili katikati ya kifua. Aliyezidi mwaka mmoja hupigwa mgongoni mara tano, kisha hukandamizwa tumbo mara tano kutoka nyuma, juu ya kitovu, kwa kuvuta ndani na juu. Hatua hizo zirudiwe hadi kitu kitoke huku mwengine akitafuta msaada wa hospitali. Vidole visitiwe kinywani kukisaka kitu kisichoonekana, kwa kuwa huweza kukisukuma ndani zaidi.

Kunyonyesha, moshi na pombe

Mei 2018 akina mama waliandamana jijini Nairobi baada ya mama mmoja kusema kwamba alizuiwa kunyonyesha mtoto wake mkahawani. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto mwenye njaa hangojei kufika nyumbani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na kwa mtoto mchanga lishe hiyo ni titi la mama. Mama asipelekwe kunyonyesha chooni. Mahali ambapo mtu mzima hawezi kulia chakula chake hapamfai mtoto pia.

Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma, mikahawa ikiwamo, isipokuwa katika sehemu iliyotengwa. Mzazi anaweza kumwomba meneja aisimamie sheria hiyo bila kugombana na mvutaji. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inamkataza mwenye leseni kuruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia sehemu ambapo pombe inanywewa. Familia inayokula mahali panapouza vileo iombe meza katika sehemu ya chakula iliyotengwa na baa.

Kwa wenye mikahawa

Mambo mengi yanayowafaa watoto hayahitaji mtaji mkubwa. Kigoda imara mbele ya sinki humwezesha mtoto kunawa mwenyewe. Sabuni isikauke. Sahani ndogo ya nusu bei humpunguzia mzazi gharama na kupunguza chakula kinachotupwa. Kiti kimoja cha mtoto chenye mkanda, kinachofutwa kwa sabuni kila baada ya kutumiwa, na meza safi ya kubadilishia nepi ni vitu ambavyo familia huvikumbuka na kuvirudia. Mhudumu aliyefundishwa kujibu maswali kuhusu pilipili, karanga na saa chakula kilipopikwa ni msaada kuliko matangazo ya redioni.

Kibanda cha kando ya barabara nacho kinaweza kutimiza mengi ya haya. Mtungi wenye mfereji, sabuni, koleo, kifuniko cha kuzuia nzi, na kupika kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja ndiyo mambo ya msingi.

Mtoto akiugua baada ya kula

Kuharisha na kutapika kunaweza kuanza saa chache baada ya kula au siku kadhaa baadaye. Jambo la kwanza ni kurudisha maji mwilini. Mchanganyiko wa ORS hupatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Pakiti ichanganywe na kiasi kamili cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na wa miaka miwili na zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, mzazi angoje dakika kumi kisha aendelee polepole. Kunyonyesha kusisimame.

Mtoto anayeharisha pia hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Dawa za kuzuia kuharisha za watu wazima na viuavijasumu vilivyobaki nyumbani asipewe.

Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akionyesha dalili hizi: macho kuingia ndani, mdomo kukauka, kulia bila machozi, kukosa mkojo kwa saa nyingi, damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila kitu, kulegea au kusinzia kusiko kwa kawaida. Choo cheupe kama maji ya mchele kinachotoka kwa wingi kinaweza kuwa kipindupindu, na hapo kila saa ni muhimu. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuenea katika kaunti nyingi ulikumbusha kwamba ugonjwa huu haujatuacha.

Jinsi ya kutoa taarifa

Mkaazi anayeshuku kwamba chakula cha mkahawa kimemwugua mtoto amweleze mhudumu wa afya aliyemtibu: walikula wapi, nini, saa ngapi, na nani mwengine ameugua. Ahifadhi risiti. Kisha atoe taarifa kwa afisa wa afya ya umma katika kaunti yake ndogo, iwe ni Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Taarifa inayofika siku hiyohiyo humwezesha afisa kukagua jiko na maji kabla ya wengine kuugua. Inayotolewa kwa jirani peke yake, au kuandikwa mitandaoni kwa hasira, haimfikii mwenye uwezo wa kuchukua hatua.

Kutoa taarifa si kumwombea mtu biashara yake ifungwe. Ukaguzi unaweza kugundua kasoro inayorekebishika, kama tangi lisilooshwa, friji iliyoharibika au cheti kilichopitwa na wakati. Mkahawa ukirekebisha kasoro hiyo, watakaofaidika zaidi ni watoto watakaoketi kwenye meza hizo wiki inayofuata.